UZI: Milima ya Uingereza wakati wa baridi: baridi si kitu, shughuli ni upepo (mna mbwa na maziwa ya juu ndani yake)

BintiKibokoni

Assalaam alaykum, hamjambo wa Mvita na wa ng'ambo.

Niko nyumbani likizo, na kila baraza ninayopita swali ni moja: huko baridi ikoje? Nikisema baridi si kitu, shughuli ni upepo, naambiwa naringa. Basi nayaweka hapa, atakaye asome, nisiulizwe tena mpaka nirudi.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kaskazini mwa England, si mbali na mji wa Penrith. Ukitoka hapo kuelekea kusini-magharibi unaingia Lake District, nchi ya milima na maziwa. Kwa kimo, milima yake haimtishi Mkenya. Scafell Pike, mrefu kuliko yote katika England, una mita 978 tu. Helvellyn, ambao ndio nauzungumza, una mita 950. Lakini watu hufia pale, tena si wageni peke yao.

Nilikwenda na mwenzangu wa kazini, mama wa makamo, mzaliwa wa huko huko, na mbwa wake wawili. Mmoja ni Moss, mbwa wa kuchunga kondoo, mweusi mwenye kifua cheupe. Wa pili ni Tess, terrier mdogo mwenye kiburi kisicholingana na umbo lake. Ilikuwa Desemba. Mwezi huo jua la huko linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na linazama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo safari unaipimia mwanga, hata kama miguu ingali na nguvu. Tuliondoka Glenridding, kijiji kilicho mwisho wa ziwa Ullswater, taa za nyumba zikiwa bado zinawaka.

Njia inafuata kijito hadi Greenside, machimbo ya zamani ya madini ya risasi yaliyofungwa mwaka 1962. Kwa kulia kuna bonde la Keppel Cove. Hapo zamani palikuwa na bwawa la hayo machimbo. Mwaka 1927 ukingo wake ulipasuka, maji yakateremka mpaka kijijini. Leo hakuna ziwa, ni majani na maji maji tu. Sisi tukashika kushoto, kuelekea ziwa la Red Tarn.

Red Tarn liko mita 718 juu ya bahari, kifuani pa Helvellyn. Barafu ya kale ndiyo iliyochimba lile shimo, ikaacha kuta za mawe pande tatu: mbele yako ukuta wa mlima wenyewe, kushoto ukingo mwembamba wa Striding Edge, kulia ukingo wa Swirral Edge. Kwenye ramani ungesema hapo ndipo pa kujificha, maana upepo wa kule kwa kawaida unatoka kusini-magharibi na mlima uko kati yako nao. Sivyo. Upepo unaupanda mlima kwa nyuma, unafika kileleni, halafu unaanguka ziwani kwa vishindo. Unatulia, unapumua, unaanza kumimina chai, kisha unaona michirizi ya maji meupe inakuja mbio juu ya ziwa. Ukiiona hiyo, shika ulichonacho.

Mbwa walikuwa wakijua kabla yetu. Moss alilala chini kifudifudi, masikio yamebanwa, sekunde moja au mbili kabla ya pigo. Mwisho tukaacha kutazama maji tukawa tunamtazama yeye.

Kilele hatukukipanda. Mwenzangu alitazama juu, akatazama theluji inavyorushwa kutoka Swirral Edge, akasema "siku nyingine", na habari ikaisha. Tulipita Hole-in-the-Wall, mahali ukuta wa mawe unapovukwa juu ya mgongo wa mlima, tukateremkia bonde la Grisedale. Pale ukutani ndipo nilipouelewa upepo. Hakuna cha kuukinga, na mgongo wa mlima unaukusanya na kuubana. Nilivuka nimeinama, mkono mmoja ukutani. Tess alibebwa ndani ya koti, kichwa tu nje, bado anabweka.

Chini zaidi kuna kiziwa cha Lanty's Tarn, kimezungukwa na miti. Wenyewe wanasema zamani matajiri wa hapo walikata barafu yake wakati wa baridi na kuiweka kwenye ghala la mawe wapate kuitumia kiangazi. Pale palikuwa shwari kabisa. Tukanywa chai ya tangawizi niliyoipika alfajiri. Ikanikumbusha nyumbani, na wala sioni haya kusema.

Ulizeni.

Barobaro_Majengo

Dada, sisi hapa ikifika nyuzi 22 mwezi wa Julai tunatafuta sweta. Wewe unakwenda kunywea chai kwenye theluji na mbwa kotini? Ukoo wako wanajua?

BintiKibokoni

@Barobaro_Majengo Mamangu amesoma kabla yako. Kasema "mbwa?" akanyamaza.

NahodhaMstaafu

Binti, shukran kwa masimulizi. Mimi mlima sijaupanda, lakini hilo ulilolieleza pale ziwani nalijua kwa muda mrefu wa kusafiri na majahazi, Lamu hadi Pemba.

Mtu asiyejua hudhani ukipita chini ya nchi ya juu, upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, umepata salama. Tanga linalegea, mabaharia wanalegea nao, halafu upepo unaanguka kutoka juu kwa kishindo, tena pengine kwa upande usioutarajia. Wengi walivunjikiwa na foromali, ule mti unaobeba tanga, hapo. Upande wa goshini, unakotoka upepo, ni mkali lakini una adabu, unajua unatoka wapi. Huo wa kuangukia nyuma ya mlima hauna adabu.

Na hiyo michirizi juu ya maji ni sawasawa. Upepo huonekana majini kabla haujakufika. Nahodha anayetazama tanga peke yake, asitazame maji, sipandi chombo chake.

Jambo moja la hesabu kwa vijana: kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Ndiyo maana mtu husema "jana ulikuwa hivi hivi tu, leo umezidi kidogo", na huku tanga limechanika.

Swali langu: huko mnapataje habari ya upepo kabla ya kutoka? Sisi tulikuwa na nyota, na umande wa alfajiri, na wazee. Nyinyi?

BintiKibokoni

@NahodhaMstaafu Shikamoo baba. Hilo la kuongezeka mara nne nilikuwa nimelisikia kwa miguu, sikulijua kwa hesabu.

Habari ya upepo ipo, na ni kazi ya ajabu. Hifadhi ya Lake District ina watu walioajiriwa kupanda Helvellyn kila siku msimu wa baridi. Kila siku, mvua na theluji. Wanapokezana, mmoja wao anafika kileleni, anapima upepo kwa kifaa cha mkononi, anapima joto, anatazama theluji imekaaje, anashuka na kuandika ripoti. Asubuhi unaisoma kwenye simu pamoja na utabiri wa milimani. Mwenzangu huanza na mstari wa upepo, wa joto anausoma mwisho.

Na sababu ni hii. Ukipanda, joto linapungua kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000. Helvellyn haufiki mita 1,000, kwa hiyo kijijini ikiwa nyuzi 5, kileleni itakuwa karibu na sifuri. Hilo koti linatosha. Sasa weka upepo wa kilomita 60 kwa saa juu ya hiyo sifuri: mwili unapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 9 chini ya sifuri. Weka na nguo iliyolowa. Ndiyo maana nasema baridi si kitu. Baridi peke yake ina bei inayojulikana, upepo ndio unaopandisha bei.

Siku ile utabiri ulisema upepo wa juu utapita kilomita 70 kwa saa. Kwa hiyo Red Tarn lilikuwa ndilo lengo tangu nyumbani, kilele kilikuwa "tukiona".

UstadhTudor

Waalaykum salaam. Mashallah, masimulizi mazuri, na naona watu wanataka kuuliza swali la mbwa lakini wanaogopa, basi niulize mimi. Binti, ulifanyaje na najisi? Madhehebu yetu ya Shafi mbwa ni najisi nzito, alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na huyo alikuwa amelowa, karibu na ziwa, tena anajikung'uta. Sikulaumu, nataka faida kwa wengine wanaokwenda kuishi huko.

BintiKibokoni

@UstadhTudor Shukran ustadh, hilo ndilo swali lililonifanya niogope kwenda mara ya kwanza, zaidi ya mlima.

Nilimweleza mwenzangu mapema, akanielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Kamba za mbwa alizishika yeye. Mimi nilikuwa na koti la nje na suruali ya nje ya mvua, vyote vya kuvua, na glavu za akiba kwenye mfuko wa nailoni. Moss alipotoka majini na kujikung'uta, nilisimama upande unakotoka upepo, mbali naye. (Baba Nahodha atacheka: hapo goshini ndiko salama.) Ya nje yalirukiwa kidogo. Nilipofika nyumbani niliyaosha kama ulivyosema, mara saba na udongo wa bustani, na kwenye maji ya kule udongo si tatizo, unakufuata wenyewe.

Adhuhuri niliswali bondeni Grisedale, nyuma ya ukuta wa mawe wa kondoo, baada ya kuvua ya nje. Maji ya udhu yalikuwa ya kijito. Sitayaeleza. Vidole vilirudi baadaye.

UstadhTudor

Allah akutaqabalie. Kwa wasomaji: kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, kwa hiyo mbwa mkavu akikupita na nguo yako kavu, huna la kuosha. Na wenzetu wa Maliki wanasema mbwa hai ni tohara, kwa hiyo ukikutana na Mwislamu wa Morocco anamshika mbwa, usimkimbilie na hukumu.

Na watu wetu wachanganue kitu kimoja. Unajisi wa mate si ruhusa ya kumpiga mawe. Mbwa wa kuchunga na wa kuwinda ameruhusiwa. Watu wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao amenyoosha miguu mlangoni. Na yule aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani akampa maji kwa kiatu chake, alisamehewa. Hapa kwetu mtoto akiona mbwa huokota jiwe kwanza. Nani kamfunza?

Mama_Bamburi

Ustadh umesema kweli. Mimi nina mbwa wa ulinzi nyumbani, hagusi jikoni wala sebuleni, na kila nikimtoa ufukweni asubuhi watu wanashuka majini na nguo zao. Na mbwa mwenyewe anaogopa kaa!

BintiK, swali la kweli: hao mbwa hawagandi? Wangu akipigwa na kusi la Julai anatetemeka.

BintiKibokoni

@Mama_Bamburi Inategemea manyoya. Moss ana manyoya ya tabaka mbili, la ndani laini la kuhifadhi joto na la nje la kumwaga maji. Yeye shida yake ni miguu: theluji inaganda kwenye manyoya kati ya vidole, vinakuwa vitonge vigumu na anaanza kuchechemea. Kila tukisimama mwenzangu anavivunja kwa vidole, na huyapunguza hayo manyoya kwa mkasi kabla ya msimu. Tess ana manyoya mafupi na tumbo karibu na ardhi, huyo huvishwa koti. Mbwa mwembamba, mzee, au wa nywele fupi kama wengi wa huku kwetu, hafai kabisa kule siku ya upepo.

Dalili ni kutetemeka, kisha kupungua mwendo, kisha kutaka kulala. Akitaka kulala, safari imekwisha, unambeba.

Na kuna mawili yanayoua watu kwa sababu ya mbwa. La kwanza ni barafu ya ziwa. Mbwa anakimbilia juu yake, inavunjika, na mwenyewe anamfuata. Mara nyingi mbwa hutoka peke yake, aliyezama ni mtu. Unasimama ukingoni unamwita, basi, hata roho ikikuuma. La pili ni mdomo wa theluji. Upepo unarundika theluji kileleni ikatokeza nje ya ukingo, juu ya hewa tupu. Juu ya Red Tarn hiyo hutokea sana. Ukiwa kileleni unaona uwanda mweupe, hujui mlima umeishia wapi. Mbwa naye hajui. Kwa hiyo kileleni, kamba.

Barobaro_Majengo

Kwani hizo kamba ni sheria ama ni heshima?

BintiKibokoni

@Barobaro_Majengo Yote mawili. Sheria ya mwaka 2000 iliyowapa watu haki ya kutembea kwenye ardhi ya wazi inataka mbwa awe na kamba isiyozidi mita mbili kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai, na wakati wowote akiwa karibu na mifugo. Na milima yote ile ni ya kondoo. Kuna jamii yao iitwayo Herdwick, wa kijivu, uso mweupe, wanakaa juu mlimani hata msimu wa baridi na wanajua mipaka ya malisho yao bila ua. Mama anamfunza mtoto. Wakati wa baridi majike wana mimba, wakikimbizwa na mbwa huweza kuzitoa. Mfugaji akimkuta mbwa anasumbua kondoo wake na hana njia nyingine, sheria inaweza kumkinga hata akimpiga risasi. Kwa hiyo hata Moss, ambaye kazi yake ni kondoo, anapita kwa kamba.

KaliamuYaPwani

Nimesoma uzi wote huu naona hakuna aliyetaja kisa cha mbwa wa Red Tarn, na BintiK bila shaka anakijua.

Mwaka 1805 kijana aitwaye Charles Gough alipanda Helvellyn mwezi wa Aprili akiwa na mbwa wake wa kike, akitaka kuvuka kwenda Grasmere. Hakufika. Mwezi wa Julai mchungaji akasikia mbwa analia karibu na Red Tarn, akakuta mifupa ya yule kijana chini ya Striding Edge na mbwa yuko hai ubavuni mwake. Miezi mitatu. Wordsworth na Walter Scott kila mmoja akatunga shairi. Mwaka 1890 likasimamishwa jiwe la kumbukumbu kule juu.

Barobaro_Majengo

Miezi mitatu. Alikuwa anakula nini?

KaliamuYaPwani

@Barobaro_Majengo Swali lako waliliuliza magazeti ya wakati ule, na baadhi yao walijibu vile unavyofikiria. Wengine wakasema mizoga ya kondoo, ambayo mlimani haikosekani mwezi wa nne. Washairi hawakutaka kujua.

Barobaro_Majengo

Mimi pia sitaki tena. Asante.

NahodhaMstaafu

Huyo Wordsworth nduguye alikuwa nahodha. Vijana hawajui. John Wordsworth alikuwa na meli ya kampuni ya biashara ya Mashariki ya Hindi, ilizama Februari 1805 pwani ya kusini ya Uingereza, akafa nayo. Mwaka ule ule. Nadhani mtu akifiwa hivyo, akisikia habari ya mbwa aliyekaa na maiti, hawezi kuuliza alikula nini.

BintiKibokoni

@NahodhaMstaafu Baba, hilo umenishika. Na kuna ziwa jingine upande wa pili wa Grisedale, juu kabisa, Grisedale Tarn. Ndugu hao wawili waliagana karibu na hapo mwaka 1800, hawakuonana tena milimani kwao. Pana jiwe lenye maandishi. Tulipokuwa bondeni mwenzangu alinionyesha kwa kidole njia inakopanda kwenda huko, mvuke wa theluji umeifunika.

Watu wa huko wanalo na la mfalme Dunmail, kwamba taji lake lilitupwa ndani ya ziwa hilo baada ya vita. Hilo mimi nalisikiliza tu.

Mtaita_Wundanyi

Nyinyi watu wa kisiwani mnashangaa mita 950! Njooni Taita. Vuria una mita 2,208, zaidi ya mara mbili ya huo Helvellyn wenu, na mkitoka Mombasa asubuhi mnalala Wundanyi. Mwezi wa Julai ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, na upepo unaopanda kutoka nyika ya Tsavo unaumiza masikio. Mbwa wanatembea nasi shambani bila wakili. Hatuna maziwa ya juu, hilo nakubali. Ziwa tunalo chini, Jipe na Chala.

MpandaLenana

Anayetaka maziwa ya juu ya hapa hapa nchini, Mlima Kenya. Njia ya Chogoria inakupitisha karibu na Lake Ellis, halafu unaiona Lake Michaelson chini ya genge la bonde la Gorges, rangi yake sijaona pengine. Hiyo Michaelson imechimbwa na barafu kama hilo la BintiK. Usiku maji ya chupa yanaganda na uko karibu na ikweta.

Ila mbwa hapana. Mbuga za taifa haziruhusu kuingia na wanyama wa nyumbani, na wana haki: magonjwa ya mbwa yanaua wanyama wa porini. Mwenye mbwa aende Taita.

Lakini BintiK nataka kukupinga kidogo. Kwenye kilele cha Lenana cha huo Mlima Kenya, mita 4,985, shughuli si upepo, ni pumzi. Upepo ukiwa umelala kabisa bado kichwa kinakupasuka.

BintiKibokoni

@MpandaLenana Kwa mita 4,985 sikupingi. Mimi nasema juu ya milima ambayo kimo chake kinakudanganya. Mtu hawezi kuutazama Lenana akavaa raba. Helvellyn watu wanaupanda kwa raba, maana kiangazi watoto wanafika kileleni, na pale juu ni tambarare kiasi kwamba Desemba 1926 ndege ilitua na ikaruka tena. Mlima huo huo, mwezi huo huo, upepo ukibadilika, ni mwingine.

Mama_Bamburi

Na mkipotea huko nani anawatafuta? Hapa tungepiga simu redioni.

BintiKibokoni

@Mama_Bamburi Unapiga 999, unaomba polisi, halafu unaomba waokoaji wa milimani. Ni wanakijiji wanaojitolea, hawalipwi na wala hawakutozi. Bonde lile lina timu yake, ya Patterdale. Simu isiposhika, filimbi: mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Tochi vivyo hivyo.

Na hapa upepo unarudi. Wana mbwa waliofunzwa kutafuta watu. Hao wengi hawafuati nyayo ardhini, wananusa hewa. Mwenye mbwa anaanzia upande ambako upepo unaelekea, anampitisha mbwa akikata upepo kushoto na kulia, mpaka harufu ya mtu imfikie, pengine mtu yuko mbali sana na gizani. Kwa hiyo upepo uliokuangusha ndio unaopeleka habari zako. Mwenzangu alikuwa akijitolea kuwa "mpotevu" wa mazoezi, analala nyuma ya jiwe na kitabu mpaka mbwa amfikie.

NahodhaMstaafu

Kwa hiyo mbwa anapiga bisho, kwenda kombo kombo dhidi ya upepo, kama jahazi! Hili nitalisimulia baraza ya leo.

Salma_wa_Kizingo

Dadangu, wanaume wameuliza yote ila la maana. Hijabu yako ilikaaje kwenye huo upepo?

BintiKibokoni

@Salma_wa_Kizingo Nilikuwa nangoja mtu aulize!

Mtandio wa kawaida sahau, na pini sahau kabisa, upepo unazigeuza kuwa silaha. Nilivaa kofia ya ndani ile ya kubana, nyembamba, ya sufu, inashuka mpaka shingoni, juu yake kitambaa cha duara cha kuvutika cha shingo, nikakipandisha mpaka puani, halafu kofia ya koti ikafungwa kwa kamba. Sikuonekana ila macho. Mwenzangu naye alikuwa hivyo hivyo, na wanaume wote tuliopishana nao hivyo hivyo. Ni mahali pekee Uingereza ambapo sikuwa na tofauti na mtu yeyote. Buibui hapana, itakuwa tanga. Suruali pana ya mvua juu ya nyingine na koti refu la kufika magotini linasitiri vizuri.

Macho ndiyo yanayoteseka. Chembe za barafu zikirushwa zinachoma. Miwani ya kufunika pembeni.

MitumbaKongowea

Wapendwa, nimesubiri zamu yangu. Makoti ya mvua ya mlimani, yale ya mshono uliozibwa kwa ndani, yanaingia Kongowea kwenye marobota na watu wanayapita wakitafuta jinzi. Wapanda Mlima Kenya kutoka Mombasa huja kwetu. Namna ya kujua zuri: ligeuze ndani, tazama mishono, kama utepe umebanduka acha. Kisha mwaga maji ya chupa begani. Yakisimama vitone, chukua. Yakizama, hilo ni la kuendea sokoni tu.

Buti je, BintiK? Watu wanauliza buti ya namna gani.

BintiKibokoni

@MitumbaKongowea Kipimo chako cha maji ni kizuri, ila koti zuri lililochoka pia hunywa maji kwa nje, ukiliosha na kulipaka dawa yake linarudi. Usilitupe haraka.

Buti: iwe inapanda juu ya kifundo, soli ngumu isiyokunjika ukiishika ncha mbili, meno marefu. Nunua kubwa nusu saizi, maana utavaa soksi nene, na ukishuka vidole vinasogea mbele. Buti za mtumba angalia gundi ya soli, nyingi zimekauka, zinaachia siku ya kwanza. Theluji ikiwa ngumu kuna vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti na shoka dogo la barafu, lakini hivyo si vya kununua, ni vya kufunzwa kwanza.

Salma_wa_Kizingo

@Mtaita_Wundanyi Basi tupange. Mwezi wa saba, Vuria, kundi la akina dada, tunatoka na matatu ya alfajiri. Nani ana nyumba Wundanyi ya kutupokea?

Mtaita_Wundanyi

Nyumba ipo, viazi vipo, maziwa ya ng'ombe yapo. Mbwa yupo pia, anaitwa Simba, na anaomba ustadh amwandikie barua ya utambulisho.

UstadhTudor

Mwambie Simba akae upande unakoelekea upepo, tutaelewana.

MitumbaKongowea

Akina dada wa Vuria, nitumieni saizi za buti kabla ya Ijumaa. Robota jipya linafunguliwa Jumamosi alfajiri, ukichelewa utapata la mguu wa kushoto.